Vyombo vya Kazi vya Betri: Chagua kwa Akili, Linda Mwili Wako

Fedha za kahawa zikilipwa Mbinga, kila nyumba ina mipango yake. Mmoja anataka bati. Mwingine anataka kulipa ada ya shule. Fundi seremala anataka chombo kipya cha kazi. Huko ziwani nako ni hivyo hivyo. Dagaa wakipatikana kwa wingi Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, mwenye mtumbwi anataka kuutengeneza, na fundi anataka chombo cha kuharakisha kazi.

Siku hizi mafundi wengi wanaulizia vyombo vya betri. Drili ya betri, msumeno wa betri, grenda ya betri. Ni vyombo vizuri. Lakini huenda unajiuliza: kwa nini ukurasa wa afya unazungumza habari za drili?

Sababu ni hii. Chombo kinachotoboa mbao kwa nukta chache hutoboa na kiganja kwa nukta chache. Kidole kilichokatika hakioti tena. Jicho lililopasuka halishonwi likaona kama zamani. Na fundi ndiye anayelisha nyumba. Akiumia yeye, watoto nao wameumia.

Kwa hiyo leo tutajifunza mambo mawili pamoja. Jambo la kwanza ni kuchagua chombo kinachofaa, ili fedha isipotee. Jambo la pili ni kukitumia bila kuumia.

CHOMBO CHA BETRI NI NINI?

Wazee wetu walitoboa mbao kwa keke ya mkono. Nguvu ilitoka kwenye mkono wa fundi. Baadaye ikaja drili ya waya. Hiyo ilihitaji umeme wa ukutani au jenereta. Mkoani Ruvuma umeme wa gridi ya Taifa kutoka Makambako ulifika Songea mwaka 2018. Kabla ya hapo miji yetu ilitegemea zaidi mitambo ya dizeli. Hata leo nguzo inaweza kuwapo kijijini, lakini juu ya paa la nyumba mpya hakuna soketi. Ufukweni panapotengenezwa mitumbwi hakuna soketi.

Drili ya betri ilianza kuuzwa Marekani na kampuni ya Black & Decker mwaka 1961. Betri za wakati ule zilikuwa nzito na nguvu zake zilikuwa ndogo. Betri za siku hizi zimetengenezwa kwa lithiamu. Ni nyepesi na zinahifadhi nguvu nyingi.

Chombo cha betri kina faida moja kubwa kwa afya. Hakina waya. Umeme wa ukutani ni volti 230. Waya uliochubuka, ukilala kwenye mchanga wenye maji, unaweza kumuua mtu. Betri ya volti 18 haina nguvu ya kumpiga mtu namna hiyo.

Lakini hapo ndipo ilipo hatari yake. Chombo cha waya ukikichomoa kimekufa. Chombo cha betri kinabeba umeme wake tumboni. Hata kikiwa ndani ya gunia kiko hai. Kidole cha mtoto kikigusa swichi, kinazunguka.

Basi shika kanuni ya kwanza: Toa betri kabla ya kubadili biti au jiwe. Toa betri unapokisafisha. Toa betri unapokiweka. Betri na chombo visilale mahali pamoja ambapo mtoto anafika.

KWANZA JIULIZE: KAZI YANGU NI IPI?

Tuchukue mfano. Kijana mmoja seremala amepata fedha. Anakwenda kwa baba yake mdogo, fundi wa siku nyingi.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?”

“Njema, baba. Nimekuja unishauri. Nataka kununua drili, msumeno na grenda, vyote vya betri.”

“Vizuri. Mwezi uliopita ulifanya kazi gani?”

“Nilitengeneza milango miwili na viti sita. Tena nilipiga bati nyumba moja.”

“Chuma ulikata siku ngapi?”

“Hata siku moja.”

“Basi grenda ya nini?”

Kijana alinyamaza kidogo. Kisha akasema, “Jirani yangu anayo.”

Mzee alicheka. “Mwanangu, jirani yako anatengeneza mageti. Wewe unatengeneza viti. Nunua chombo cha kazi yako, usinunue cha kazi ya jirani.”

Mzee alisema kweli. Kabla ya kwenda dukani, kaa chini uandike kazi ulizofanya miezi mitatu iliyopita. Karatasi hiyo itakuambia la kununua.

Kama kazi yako ni kutoboa mbao, kufunga bawaba na kukaza skrubu, drili ndogo ya volti 12 inatosha. Ukipiga bati mara kwa mara, au ukitoboa mbao ngumu, chukua ya volti 18.

Kama unatoboa kuta za tofali au saruji, tafuta drili inayogonga huku ikizunguka. Drili ya kawaida itachoka, na wewe utachoka. Lakini kabla ya kutoboa ukuta wa nyumba yenye umeme, uliza waya zimepita wapi. Mara nyingi zinapanda wima juu ya swichi na soketi. Hapo usitoboe.

Kama unakata mbao nyingi kila siku, msumeno wa mviringo wa betri utakusaidia. Lakini unamaliza betri upesi sana. Kwa mbao chache za wiki, msumeno wa mkono ulionolewa vizuri bado unafaa.

Kama unakata nondo na mabomba kila siku, utahitaji grenda. Kama ni nondo mbili tatu kwa mwezi, tumia msumeno wa chuma wa mkono. Grenda ni chombo cha hatari kubwa. Kisinunuliwe kwa fahari.

JINSI YA KUSOMA BETRI

Kwenye betri kuna namba mbili. Ya kwanza ina herufi V, yaani volti. Hiyo inaonyesha msukumo wa umeme. Ya pili ina herufi Ah. Hiyo inaonyesha betri inabeba kiasi gani, kama vile ukubwa wa mtungi wa maji. Betri ya 4 Ah hufanya kazi karibu mara mbili ya betri ya 2 Ah, ila ni nzito zaidi.

Zidisha namba hizo mbili. Utapata akiba yote ya betri, nayo huhesabiwa kwa wati-saa. Betri ya volti 18 na 2 Ah ina wati-saa 36. Betri ya volti 18 na 4 Ah ina wati-saa 72.

Sasa angalia usidanganyike. Dukani utaona drili ya volti 18 na nyingine ya volti 20. Muuzaji anaweza kusema ya 20 ina nguvu zaidi. Mara nyingi ni kitu kile kile. Ndani ya betri kuna seli 5. Kila seli ina volti 3.6 za kawaida, na tano zinafanya 18. Zikiwa zimejaa chaji, kila seli ina volti 4 hivi, na tano zinafanya 20. Usiongeze fedha kwa sababu ya namba hiyo tu. Vilevile namba kubwa iliyochapwa ubavuni mwa chombo si ushahidi. Soma lebo ya betri yenyewe na lebo ya chaja.

Tena kumbuka hili: betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye chombo cha kampuni nyingine. Ukianza na kampuni moja, endelea nayo. Hapo betri mbili zitatumika kwenye vyombo vitatu. Usilazimishe betri isiyolingana, na usiunganishe kwa waya za kubuni. Huo ni mwanzo wa moto.

Je, unaweza kuchaji kwa jua? Ndiyo. Paneli ya wati 50 ikipata jua zuri kwa saa 5 hutoa wati-saa 250. Hata kama karibu nusu inapotea njiani, inayobaki inatosha kuchaji betri ya wati-saa 36 zaidi ya mara tatu. Lakini chaja nyingi za vyombo hivi zinataka umeme wa volti 230. Kwa hiyo utahitaji inveta na betri ya kuhifadhia. Mwambie fundi wa sola aone lebo ya chaja kabla hujanunua.

JARIBU DUKANI KWA MIKONO YAKO

Usinunue chombo kikiwa ndani ya boksi. Omba kifunguliwe, kisha fanya haya:

1. Kishike kikiwa na betri yake. Nyosha mkono usawa wa bega. Hesabu mpaka 60. Mkono ukitetemeka, chombo hicho ni kizito kwako. Tafuta chepesi zaidi.

2. Angalia kama kidole chako kinafika kwenye swichi bila kujinyosha. Mikono hailingani. Chombo kinachomfaa mume huenda kisimfae mke, na akina mama nao ni mafundi.

3. Bonyeza swichi, kisha iache. Chombo kisimame upesi. Kikiendelea kuzunguka muda mrefu, au kikitoa harufu ya kuungua, kirudishe.

4. Jaribu kitufe cha kubadili mzunguko. Kikiwekwa katikati, swichi inapaswa kufungwa isibonyezeke.

5. Kama ni grenda au msumeno, hakikisha kinga yake ya chuma ipo na imekaza. Bila kinga usinunue.

6. Dai risiti na karatasi ya dhamana. Uliza kama betri ya akiba inapatikana Mbinga au Songea. Chombo kisicho na betri ya akiba kitakuwa pambo.

HATARI TANO ZA KUJILINDA NAZO

Macho. Cheche ya chuma na kibanzi cha mbao vinaruka upesi kuliko unavyoweza kufumba jicho. Vaa miwani ya kazi inayoziba na pembeni. Miwani ya jua si kinga. Nunua miwani siku ile ile unayonunua chombo. Usiseme utanunua baadaye.

Vidole na kifundo. Biti ikikwama, drili yenyewe inazunguka na kupinda mkono wako. Shika kwa mikono miwili. Mbao ndogo ifunge kwenye jiliwa, usiishike kwa kiganja. Usivae glavu za kitambaa kwenye drili, maana uzi unavutwa na mkono unafuata. Kanga, shati refu na nywele ndefu vifungwe. Kwenye grenda, jiwe lake huandikwa mwendo wake wa mwisho. Mwendo huo usiwe chini ya mwendo wa grenda. Jiwe lenye ufa litupwe. Usifunge meno ya msumeno wa mbao kwenye grenda hata kidogo. Likidaka mbao, grenda inaruka usoni au pajani.

Vumbi. Vumbi la mvule na mninga huwasha pua, ngozi na kifua. Mwaka 1995 Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulitangaza kwamba vumbi la mbao husababisha saratani. Hasa ni saratani ya ndani ya pua, kwa watu wanaolivuta miaka mingi. Vumbi la mawe na saruji nalo huharibu mapafu, na mapafu yaliyoharibika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi. Fanya kazi nje, upepo ukiwa mgongoni. Vaa barakoa ya vumbi inayokaza usoni. Lowesha sakafu kabla ya kufagia. Na kama jengo la zamani limeezekwa kwa vigae vya asbesto, usivikate wala usivitoboe. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu.

Kelele. Sikio likiharibiwa na kelele haliponi. Kelele ya desibeli 85 sikio linaivumilia saa 8 kwa siku. Ikiongezeka desibeli 3 tu, muda unapungua nusu. Kwa hiyo kwenye desibeli 100 ni dakika 15 tu kwa siku, na grenda inaweza kufika hapo. Huna kipimo? Tumia hiki: kama mwenzako yuko umbali wa mkono mmoja na unalazimika kupiga kelele ili akusikie, kelele hiyo inaumiza. Vaa vizibo vya masikio.

Moto wa betri. Betri ya lithiamu ikipasuka, ikibonyea au ikilowa inaweza kuwaka. Usiiache juani ndani ya mtumbwi wala chini ya bati la moto. Kama ni ya moto mkononi, iache ipoe kwanza ndipo uchaji. Chajia juu ya saruji au udongo, mbali na godoro, petroli na nyasi za paa. Usichaji usiku wakati watu wamelala. Usiitie mfukoni pamoja na misumari au sarafu. Betri iliyovimba isichajiwe tena. Ikiwaka, watu watoke kwanza na wasivute moshi wake. Maji mengi huipoza, lakini chomoa chaja kwanza. Betri iliyokufa isitupwe ziwani wala chooni. Irudishe kwa muuzaji.

PAMPU YA DAWA YA KAHAWA

Wakulima wa kahawa nao wana chombo chao cha betri, yaani pampu ya kubeba mgongoni ya kupulizia dawa. Inafaa kupambana na chulebuni na kutu ya majani. Mkono haupampu tena, na dawa inatoka kwa nguvu ile ile mwanzo mpaka mwisho.

Lakini pima uzito. Lita 16 za dawa ni kilo 16 hivi, na bado hujahesabu pampu yenyewe na betri. Kwenye miteremko ya Umatengo, mtu akiteleza kwenye ngoro na mzigo huo, anaumia mgongo na kumwagikiwa na dawa. Jaza nusu. Kwenda mara mbili si aibu.

Pampu ya betri haichoki, nayo dawa inaendelea kutoka hata ukigeuka kuzungumza na mtu. Zima swichi kwanza. Mdomo wa bomba ukiziba, usiupulize kwa kinywa chako. Usafishe kwa maji na brashi laini. Vaa buti, glavu za mpira, nguo za mikono mirefu, miwani na barakoa ya dawa. Usipulize upepo ukikujia usoni. Na betri ya pampu nyingi ni ya risasi. Ikiachwa tupu wiki nyingi inakufa. Ichaji kila baada ya kazi.

AJALI IKITOKEA

Damu ikitoka nyingi, bandika kitambaa safi, bonyeza kwa nguvu bila kuachia, na inua mkono juu. Usitie majivu, kahawa, kinyesi cha ng'ombe wala maji ya betri. Vitu hivyo vinaleta pepopunda na usaha. Hata kidonda kidogo kioshwe kwa maji safi na sabuni, kisha uende zahanati uulize kuhusu chanjo ya pepopunda.

Kidole kikikatika, usikitupe. Kifunge kwa kitambaa safi chenye unyevu. Kitie ndani ya mfuko wa plastiki na uufunge. Mfuko huo uuweke juu ya maji baridi au barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Mgonjwa na kidole chake wapelekwe hospitali upesi.

Kitu kikichoma jicho, usilifikiche. Usikichomoe. Funika jicho kwa kikombe safi kisichogusa jicho, ukifunge, kisha mpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Walio ziwani wana Hospitali ya Mtakatifu Anna pale Liuli. Walio milimani wana Litembo na hospitali ya Mbinga. Hospitali ya Peramiho nayo iko upande wa Songea. Usingoje asubuhi.

TUNAWEZA KUNUNUA PAMOJA

Si lazima kila fundi awe na kila chombo. Mafundi watano wanaweza kuchanga wakanunua drili moja nzuri yenye betri mbili, badala ya drili tano mbovu. Lakini wawekeane masharti. Chombo kiwe na mtunzaji mmoja. Kila anayekichukua aandike jina na tarehe kwenye daftari. Miwani, barakoa na vizibo vya masikio vitoke pamoja na chombo. Asiyetaka kuvaa miwani asipewe drili. Na asiyejua kukitumia afundishwe kwanza. Mafunzo ya ufundi yanapatikana katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Mbinga na katika chuo cha VETA Songea.

Ndugu msomaji, mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafundisha wananchi kukaa katika vikundi, kusoma, kujadiliana, kisha kutenda. Watu walichimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Tufanye vivyo hivyo leo. Msomee mwenzako habari hii, hasa yule ambaye amekwisha kununua chombo lakini hajanunua miwani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini chombo cha betri ni cha hatari hata kikiwa hakitumiki?

2. Betri ya volti 18 na 3 Ah ina wati-saa ngapi?

3. Katika kijiji chenu, ni nani aliyewahi kuumia kwa chombo cha kazi? Nini kingeweza kuzuia ajali hiyo?

4. Betri zilizokufa kijijini kwenu zinatupwa wapi? Mnaweza kufanya nini?

5. Taja vitu vitatu ambavyo fundi anapaswa kununua pamoja na drili.